Je, kozi ya ujasiriamali inazaa wajasiriamali? Namna ya kulichunguza swali hili bila kujidanganya

Swali la msomaji:

"Shikamoo Dokta. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, mwaka wa pili. Andiko langu la utafiti linahusu mchango wa elimu ya ujasiriamali katika ubunifu wa wanafunzi wa vyuo vikuu. Nilipanga kugawa madodoso 240 kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho (wako 600, nimetumia fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli), niwaulize kama kozi imewaongezea ari ya kuanzisha biashara, kisha niangalie idadi ya hataza (hati za kulinda uvumbuzi) za chuo kama kipimo cha ubunifu. Msimamizi amelirudisha mara ya pili. Ameandika pembeni: 'Hili limeshafanywa sana, na hata ukilimaliza hutajua kama kozi ndiyo iliyosababisha.' Wenzangu wananishauri nibadilishe mada kabisa. Lakini mimi nina sababu yangu. Mdogo wangu wa kiume alipata A kwenye kozi hiyohiyo, na leo ni mwaka wa tatu yuko nyumbani Kondoa, hajaanzisha chochote. Nataka kujua kozi ina faida gani. Na nikigundua haina, je, chuo kitaipokea tasnifu yangu?"

Marahaba, dada yangu. Mada usiibadilishe. Naelewa inavyouma kurudishiwa andiko mara ya pili, hasa wenzako wanapokuwa wameshaanza kukusanya data. Lakini soma tena alichoandika msimamizi wako. Hakusema mada ni mbaya. Amesema njia uliyoichagua haiwezi kukufikisha kwenye jibu unalolitafuta, na hapo yuko sahihi. Wewe unataka kujua kama mtu aliyesoma kozi ya ujasiriamali anafanya jambo ambalo asingelifanya kama asingeisoma. Dodoso lako linauliza kitu kingine: kama wanafunzi waliomo darasani wanajisikia kuwa na ari. Hayo ni maswali mawili tofauti, na tafiti nyingi za ujasiriamali vyuoni, hapa kwetu na kwingineko duniani, zimejibu la pili zikidhani zimejibu la kwanza.

Tuanze na hiyo ari. Tasnifu nyingi za eneo hili hujengwa juu ya nadharia ya Icek Ajzen ya mwaka 1991, inayosema kwamba tendo la makusudi hutanguliwa na nia, na nia huzaliwa na mambo matatu: mtu analionaje tendo lenyewe, watu anaowajali wanalionaje, na anaamini kwa kiasi gani kwamba analiweza. Nadharia hiyo ni nzuri na sikukatazi kuitumia. Tatizo ni pale mtafiti anapoishia kwenye nia na kuiandika kana kwamba ni tendo. Hebu ione siku utakayogawa madodoso. Ni wiki za mwisho za muhula, ukumbi umejaa, mwalimu wa kozi amesimama mlangoni, na kwenye karatasi kuna sentensi: "Nimedhamiria kuanzisha biashara yangu baada ya kuhitimu." Kuzungushia 5, yaani "nakubali kabisa", hakumgharimu mwanafunzi chochote. Hakuna anayemdai kodi ya fremu, hakuna anayemuuliza mtaji, wala baba anayesubiri aajiriwe serikalini hayupo pale ukumbini.

Isitoshe, mtu yuleyule, kwa kalamu ileile na kwa dakika zilezile, ndiye anayekuambia kwamba kozi ilikuwa nzuri na kwamba nia yake ni kubwa. Aliye mchangamfu atazungushia namba za juu kote. Aliyechoka atazungushia 3 kote amalize aondoke. Ukiingiza majibu kwenye programu ya takwimu ya SPSS utapata uhusiano wenye nguvu, na nyota zake mbili pembeni za kuashiria kwamba si wa bahati tu, lakini sehemu kubwa ya uhusiano huo inaweza kuwa ni tabia ya mtu ya kujibu madodoso tu.

Mwaka 2014 Bae na wenzake watatu walikusanya matokeo ya tafiti 73 zenye jumla ya watu 37,285, wakauliza elimu ya ujasiriamali inahusiana kwa kiasi gani na nia ya kuwa mjasiriamali. Walipata uhusiano mdogo, 0.143 kwenye kipimo ambacho 1 ndiyo kamili. Kisha wakaangalia kile ambacho andiko lako halina: nia waliyokuwa nayo wanafunzi kabla ya kuingia darasani. Walipoiweka kwenye hesabu, uhusiano ule ukakosa uzito wa kitakwimu, yaani ungeweza kuwa wa bahati tu. Si ajabu. Anayejichagulia darasa la ujasiriamali mara nyingi anakuja na biashara kichwani. Mama yake ana genge, yeye mwenyewe aliuza vocha akiwa kidato cha tano. Kozi imemkuta hivyo.

Uholanzi, Oosterbeek na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti ambao ningependa uusome kwa makini, kwa sababu nafasi waliyoipata inafanana na unayoweza kuipata hapa. Chuo kimoja kilikuwa na kampasi mbili, na programu ya wanafunzi kuendesha kampuni ndogo ilitolewa kwenye kampasi moja tu. Wakawapima wanafunzi wa kampasi zote mbili, kabla na baada. Ujuzi haukuongezeka kwa kiwango cha kuonekana, na nia ya kuwa mjasiriamali ilishuka kwa waliopitia programu. Mwaka huohuo von Graevenitz, Harhoff na Weber, wakichunguza kozi ya lazima ya ujasiriamali katika chuo kikuu kimoja cha München, Ujerumani, walikuta nia ikipungua kidogo ilhali wanafunzi wenyewe wakisema wamejifunza. Wengi wakisikia hivyo husema kozi imeshindwa. Mimi siafiki. Kijana aliyegundua akiwa darasani, kabla hajakopa shilingi ya mtu, kwamba kukimbizana na wateja na madeni si kazi inayomfaa, amepewa kitu cha thamani kubwa. Dodoso linalotafuta nia iliyopanda litamhesabu kuwa hasara.

Lakini ushahidi ninaotaka uubebe zaidi kwenye sura yako ya pili unatoka barani kwetu. Nchini Tunisia wanafunzi wa shahada ya kwanza walipewa nafasi ya kuandaa mpango wa biashara badala ya ripoti ya kawaida ya kuhitimu, pamoja na mafunzo na mshauri wa kuwasindikiza. Nafasi ziligawanywa kwa bahati nasibu miongoni mwa walioomba. Hapo ndipo penye uzito, kwa sababu waliopata na waliokosa wote walikuwa na hamu ya kuingia, na kilichowatenganisha ni kura. Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, Premand na wenzake walikuta kwamba waliopitia programu wamejiajiri kuliko wenzao kwa tofauti ya asilimia chache tu. Tena jumla ya wenye kazi haikuongezeka. Baadhi waliacha njia ya mshahara wakashika ya kujiajiri. Walipofuatiliwa tena miaka kadhaa baadaye, hata tofauti ile ndogo ilikuwa imefifia. Programu ile ilikuwa na walimu, washauri na fedha, na mabadiliko yakawa hayo. Sasa linganisha na kozi ya muhula mmoja, wanafunzi mia kadhaa ukumbini, mwalimu mmoja na kipaza sauti, na kazi ya kundi ya kuandika mpango wa biashara ambao hakuna mwanakikundi anayekusudia kuutekeleza.

Je, tuseme mafunzo hayana maana? Togo inatuzuia kusema hivyo. Campos na wenzake, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Science mwaka 2017, waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo 1,500. Theluthi moja hawakupewa mafunzo. Theluthi ya pili walifundishwa mambo ya kawaida ya hesabu, masoko na fedha. Theluthi ya tatu walifundishwa kujianzishia mambo bila kusubiri kusukumwa: kunusa fursa mapema, kujiwekea malengo, kuendelea baada ya kukwama. Zaidi ya miaka miwili baadaye faida ya kundi hili la tatu ilikuwa imepanda kwa asilimia 30. Ya kundi la mafunzo ya kawaida ilikuwa asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na sifuri. Hawa walikuwa tayari na biashara, si wanafunzi, kwa hiyo usiyahamishe matokeo yao moja kwa moja hadi kwa wanafunzi wa chuo kikuu hapo Chimwaga. Ila yanakuonyesha kwamba kinachofundishwa, na namna kinavyofundishwa, kina uzito kuliko jina la kozi. Ernest Mwasalwiba wa Chuo Kikuu cha Mzumbe alilisema jambo la jirani na hilo mwaka 2010 alipopitia maandiko ya elimu ya ujasiriamali: malengo yanayotangazwa, mbinu zinazotumika darasani na vipimo vya mafanikio haviendani. Mtaje kwenye tasnifu yako. Ni mwenzetu, na hoja yake bado inadai majibu.

Kuna tafiti mbili za hapa nyumbani ambazo usiziruke. Ruka Juu, kipindi cha televisheni cha kufundisha ujasiriamali, kilichunguzwa kwa wanafunzi wa sekondari: hamu ya biashara iliongezeka na baadhi yao wakaanzisha, lakini matokeo yao ya shule yakaathirika. Na Berge, Bjorvatn na Tungodden waliwafuatilia wateja wa mikopo midogo jijini Dar es Salaam waliopewa mafunzo ya biashara. Wanaume walinufaika waziwazi, wanawake kidogo sana. Kwa hiyo chochote utakachokipima, usiwachanganye wanawake na wanaume kwenye wastani mmoja ukaishia hapo. Wastani unaweza kuficha habari yenyewe.

Nisimame kidogo kwa ajili ya mdogo wako. Ile A inasema alielewa yaliyofundishwa na akayaandika vizuri kwenye mtihani. Haikumpa mtaji, haikumpa mteja wa kwanza, haikumpa mtu wa kumwambia "anza na hiki, nitakuwa nawe miezi mitatu." Hajashindwa kuliko walivyoshindwa wahitimu wengi wenye akili na bidii, na nakusihi usiandike tasnifu ya kumtetea wala ya kumlaumu. Asiwemo kwenye sampuli yako. Ila kaa naye, kama dada na si kama mtafiti, umuulize ni lini alikaribia kabisa kuanza, na siku hiyo nini kilimzuia. Jibu lake litakupa maswali bora kuliko utakayoyanakili kutoka kwenye dodoso la mtu wa Malaysia.

Sasa fomula ya Yamane, maana hapa wengi wanapotea. Hesabu yako ni sahihi: 600 ukigawanya kwa 2.5, yaani 1 jumlisha 600 mara 0.0025 (0.05 mara 0.05), unapata 240. Lakini fomula ile inajibu swali la aina moja: una kundi moja, unataka kukadiria asilimia fulani ndani yake, na unataka kosa lisizidi kama pointi 5 juu au chini. Mathalani, ni asilimia ngapi ya hao 600 wanaouza kitu chochote kwa sasa, iwe nguo za mtumba, keki, au uwakala wa miamala. Kwa swali hilo 240 inatosha. Haikuambii lolote kuhusu uwezo wako wa kuona tofauti kati ya makundi mawili.

Chukulia umegawa 120 waliosoma kozi na 120 ambao hawakuisoma, na ukweli uliofichika ni kwamba kozi inapandisha kujiajiri kutoka asilimia 4 hadi 6. Kwenye sampuli yako hao ni watu 5 dhidi ya 7. Mmoja akiwa amerithi duka la shangazi yake, na mwingine simu yake isipopatikana, tofauti yote imekwisha. Ili uione tofauti ndogo namna hiyo kwa uhakika unaokubalika na watakwimu (uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona, kwenye kiwango cha kawaida cha asilimia 5), ungehitaji watu kama 1,860 katika kila kundi. Ungehitaji miaka na ofisi nzima. Kama tofauti unayoitarajia ni kubwa, tuseme asilimia 10 dhidi ya 25, watu 100 kila upande wanakutosha. Kwa hiyo ukubwa wa sampuli unaanza na swali: natarajia tofauti ya kiasi gani, na ndogo kuliko ipi haina faida kwangu kuijua? Ukiwa na jibu la hilo, msimamizi hatakuuliza tena kuhusu 240.

Kwenye hataza nitakuwa mkali kidogo. Ziache. Hataza, ambayo hapa nchini husajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya kabisa, usio wa dhahiri kwa mtaalamu wa fani husika, na unaoweza kutumika katika uzalishaji. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa biashara au elimu hayuko hata karibu na mlango huo, na wala si kosa la kozi. Ukihesabu hataza utapata namba ndogo sana, kisha utaandika kwamba ubunifu ni hafifu, na hitimisho hilo litakuwa limetokana na kipimo chako tu. Mwongozo wa Oslo wa kupima ubunifu, unaotolewa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea), toleo la 2018, unakupa kipimo kinachofaa zaidi: ubunifu ni bidhaa au utaratibu mpya au ulioboreshwa, unaotofautiana kwa dhahiri na ule wa awali wa mhusika mwenyewe, na ambao umeshafikishwa kwa watumiaji au umeanza kutumika. Angalia nguzo mbili zilizomo humo. Upya unapimwa kwa mhusika, si kwa dunia nzima. Na lazima kiwe kimeshatumika. Wazo lililobaki kwenye karatasi halihesabiki.

Kwa kipimo hicho Dodoma ina mengi ya kuhesabu. Mhitimu anayenunua zabibu Hombolo au Mpunguzi zilizokosa soko na kuzikausha, ilhali familia yake miaka yote iliziuza mbichi, amebuni. Aliyeanza kuchukua oda za chakula za wafanyakazi wa mji wa serikali, Mtumba, kwa simu, jioni kabla ya siku yenyewe, ili asitupe chakula, amebuni. Mkamuaji alizeti wa Singida aliyeanza kuuza mashudu kwa wafugaji badala ya kuyatupa, naye ni hivyo hivyo. Swali lako la dodoso liwe wazi: "Katika miezi 12 iliyopita, kuna kitu gani ulianza kukifanya tofauti na ulivyokuwa ukifanya, na kimeshamfikia mteja?" Acha nafasi ya kuandika. Kisha wewe na mwenzako mmoja, kila mtu peke yake, yasomeni majibu na muamue lipi ni ubunifu kwa kigezo mlichokubaliana, halafu mlinganishe. Pale mtakapotofautiana sana, kigezo chenu bado hakijakaa sawa.

Msimamizi wako huenda pia akakutaka utumie nadharia ya Etzkowitz na Leydesdorff kuhusu uhusiano wa chuo, viwanda na serikali. Itumie ukipenda, ila uliza kwanza viwanda ni nani huku kwetu. Nadharia ile ilikomaa miaka ya 1990 ikitazama sana uzoefu wa Marekani na Ulaya, ambako kampuni kubwa zina maabara zao. Hapa kanda ya kati upande huo ni viwanda vichache vya mvinyo, wakamuaji mafuta, wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, na mafundi walio chini ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Kuwalazimisha wakae kwenye mchoro uliochorwa kwa ajili ya wengine kutakupotezea sura nzima.

Basi ufanye nini? Nenda kachukue prospektasi (vitabu vya maelezo ya masomo) za chuo za miaka kadhaa iliyopita, uangalie mambo mawili: kozi ya ujasiriamali ni ya lazima kwenye programu zipi za shahada, na iliingizwa mwaka gani. Mara nyingi utakuta programu moja iliifanya kuwa ya lazima mwaka fulani ilhali programu ya jirani haikufanya hivyo. Hiyo ndiyo nafasi yako, kama ilivyokuwa ya Waholanzi na kampasi zao mbili. Kwa kuwa ni ya lazima, wenye biashara kichwani hawakujichagua, wote waliisoma. Na kwa kuwa una waliohitimu kabla na baada ya kozi kuingia, katika programu zote mbili, unaweza kuuliza: je, mabadiliko kwenye programu yenye kozi ni makubwa kuliko mabadiliko ya miaka hiyohiyo kwenye programu isiyo nayo? Usilinganishe kabla na baada ndani ya programu moja tu. Dodoma ya leo si ile ya kabla ya serikali kuanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Kodi za fremu, idadi ya wateja, bei ya viwanja, vyote vimebadilika kwa kila mtu, aliyesoma kozi na asiyesoma. Programu isiyo na kozi ndiyo itakayokuambia ni kiasi gani cha mabadiliko kilitokana na mji wenyewe.

Kisha watafute wahitimu, si wanafunzi. Chukua waliomaliza angalau miaka miwili iliyopita. Hapa jihadhari na makundi ya WhatsApp ya darasa. Ni njia rahisi, na inadanganya. Wanaojibu haraka kwenye kundi ni wale wenye habari njema. Aliyekosa kazi kwa miaka mitatu ameshatoka kwenye kundi au amenyamaza, na ndiye hasa unayemhitaji. Anza na orodha ya wahitimu, chagua majina kwa kubahatisha, kisha mtafute kila mmoja hadi umpate au uandike kwamba hakupatikana. Idadi ya wasiopatikana iandike waziwazi katika kila kundi. Ukipata watu 150 kati ya 200 uliowachagua hivyo, utafiti wako una nguvu kuliko majibu 400 yaliyokuja yenyewe.

Orodha hiyo chuo hakitakukabidhi hivi hivi, wala hakipaswi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mhitimu ni taarifa binafsi. Omba ofisi inayoshughulikia wahitimu iwatumie ujumbe kwa niaba yako, na anayekubali ndiye upewe mawasiliano yake. Na kumbuka wengi watakaokusimulia biashara zao hawana leseni wala namba ya mlipakodi. Wakihisi majibu yatafika kwa maofisa wa kodi au wa jiji, watakuambia hawafanyi chochote. Hifadhi majina mbali na majibu, na uwaeleze hivyo kabla ya swali la kwanza.

Maswali yako yaulize yaliyotendeka. Lini uliuza kitu kwa mara ya kwanza, kabla hujaingia chuo au baada? Mtaji wa kwanza ulitoka kwa nani? Wiki iliyopita uliuza kiasi gani? Kuna biashara uliyoianza ikafa, na ilikufa mwezi gani? Swali hili la mwisho usilisahau, kwa sababu ukihesabu zilizo hai tu utadhani kila aliyeanza alifanikiwa. Uliza pia kuhusu biashara ya wazazi, na kama aliwahi kuuza chochote akiwa sekondari. Baada ya hapo chagua watu kama 15 hadi 20 wa aina mbalimbali, walioanza na wasioanza, ukae nao kwa mazungumzo marefu. Namba zitakuonyesha kama kuna tofauti. Mazungumzo ndiyo yatakayoonyesha kozi ilifanya kazi kwa njia gani: ujuzi, kujiamini, watu waliokutana nao, au kujitambua kwamba biashara si njia yao.

Nikuambie ukweli kuhusu gharama. Njia hii itakula vocha, nauli na pengine miezi mitatu zaidi ya ile ya kugawa madodoso ukumbini. Kama muda wako wa usajili unakaribia kwisha, kuna njia ya katikati: baki na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, uliza matendo badala ya nia, na andika bila kuficha kwamba umeeleza hali ilivyo na hukuthibitisha chanzo. Tasnifu ya namna hiyo inapita, na ni ya kweli. Nisichoweza kukushauri ni kubaki na dodoso la nia huku kichwa cha tasnifu kikisema "mchango" au "athari". Jaribio la kugawa nafasi kwa bahati nasibu kama la Tunisia nalo liache. Ni kazi ya timu na ya miaka.

Kuhusu hofu yako ya mwisho: tasnifu haifeli kwa sababu imekuta hakuna athari. Inafeli kwa sababu mtahini ameshindwa kuamini namna ulivyolipata jibu. Ukikuta hakuna tofauti, andika ni tofauti ya ukubwa gani ambayo utafiti wako ungeweza kuiona kama ingekuwepo, na ipi ungeikosa. Sentensi hiyo moja inamlinda mtafiti kuliko kurasa kumi za utetezi. Na chuo kinachotumia fedha na saa za walimu kufundisha kozi hiyo kina haja ya kujua. Vyuo vya umma nchini vimekuwa vikipitia upya mitaala chini ya mradi wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, ulioanza mwaka 2021, na matokeo yaliyopimwa vizuri kuhusu kozi moja yana mahali pa kwenda. Zungumza na mkuu wa idara mapema, asiyasikie matokeo kwa mara ya kwanza siku ya utetezi.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia, nenda ana kwa ana. Mwone mtakwimu wa chuo kabla ya kukusanya data. Ukienda baada, atakachoweza ni kukuambia ulikosea wapi. Kamati ya maadili ya utafiti ione dodoso lako na fomu ya ridhaa. Barua ya chuo itakupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Jiji au Halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kata; tenga wiki kadhaa kwa safari hiyo ya karatasi. Na kama katika mahojiano ukikutana na mhitimu mwenye kifaa au mbinu mpya kabisa, usiichapishe kwenye tasnifu kabla hajaonana na BRELA au ofisi ya chuo inayoshughulikia milki bunifu, kwa sababu kuitangaza hadharani kunaweza kumpotezea haki ya kupata hataza.

Kwa msimamizi rudi na ukurasa mmoja tu: swali jipya, makundi unayoyalinganisha, na tofauti ndogo kabisa unayotaka kuweza kuiona. Ukishazipata zile prospektasi, niandikie tena ukitaja kozi iliingia mwaka gani na kwenye programu zipi, nikuambie kama ulinganisho unasimama.